Kabla hujamchapa mbwa aliyekojoa sebuleni

Simu za namna hii huingia alfajiri, kabla sijafungua kliniki yangu hapa Nakuru. "Daktari, huyu mbwa ameota kiburi. Miaka sita hajawahi kukojoa ndani, na wiki hii ni kila usiku."

Hilo neno kiburi huniumiza. Mbwa aliyezoea kutoka nje haamki siku moja akaamua kukukomoa. Kuna kitu kimebadilika, mara nyingi mwilini mwake, na yeye hana mdomo wa kukueleza.

Swali langu la kwanza ni hili: je, mbwa mwenyewe anajua kwamba amekojoa?

Yuko anayechuchumaa katikati ya sebule, akatoa matone machache, akasogea hatua mbili, akachuchumaa tena. Huyo anajua, ila amebanwa kiasi kwamba mlango ulikuwa mbali. Hapo nawaza maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo huwapata zaidi majike, au mawe kwenye kibofu.

Halafu yuko asiyejua kabisa. Analala vizuri, na akiinuka panabaki duara la unyevu pale alipokuwa. Mama mmoja wa Kiamunyi aliniletea jike wa hivyo, aliyetolewa kizazi miaka mitatu nyuma. Alikuwa ameshachapwa, kisha akalazwa nje kwenye baridi yetu ya Julai. Kizazi kikitolewa, homoni ya estrojeni hupungua, na kwa baadhi ya majike msuli unaofunga njia ya mkojo hulegea. Usingizi ukikolea, mkojo unavuja. Dawa ipo, na wengi hupata nafuu nayo. Nilipomaliza kueleza, mama alimpapasa mbwa kichwani kwa muda mrefu bila kusema kitu. Alirudi naye nyumbani, na akamrudisha ndani.

Wa tatu huacha dimbwi kubwa la mkojo mweupe kama maji. Kwa huyu, chukua jagi lenye vipimo. Pima maji unayomwekea asubuhi, na kesho yake saa ileile upime yaliyobaki. Kama kuna mbwa wengine, kila mmoja awe na bakuli lake. Akinywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani lita 3 kwa mbwa wa kilo 30, mlete. Huenda ni kisukari, figo, au tezi zilizo juu ya figo. Jike ambaye hajatolewa kizazi, aliyetoka kwenye joto wiki chache zilizopita na sasa anakunywa sana na hataki chakula, mlete leo leo: kizazi kinaweza kuwa kimejaa usaha, na usaha huo huua. Niambie pia kama alipewa vidonge au sindano ya kuwashwa, kwa sababu predinisoloni, dawa itumikayo kutuliza kuwashwa, peke yake humfanya mbwa anywe na kukojoa kupita kiasi. Na nakuomba sana, usimnyime maji ili asikojoe. Mwenye figo mbovu atakauka haraka.

Mkojo ukiwa rangi ya strungi, mtazame kupe na uangalie ufizi kama umepauka. Kupe huleta babesia, kijidudu kinachopasua chembe nyekundu za damu. Safisha ukiwa na glavu, maana lepto (leptospirosisi), maradhi ya bakteria yanayoenezwa na mkojo wa panya, hutoka kwa mbwa yakaingia kwa watu.

Mzee wa miaka 12 huenda viungo vinamuuma tu na ngazi zimemshinda, au amesahau mlango uko wapi. Dume anayenyunyiza kidogo kwenye pazia baada ya jirani kuleta mbwa mpya, huyo anaweka mipaka yake.

Ukisafisha, osha kwanza kwa maji mengi. Usimwage Jik juu ya mkojo mbichi, hutoa hewa inayochoma mapafu. Sabuni zenye amonia nazo huacha harufu inayomrudisha palepale.

Ukija kwangu, njoo na mkojo wa asubuhi. Kinga kwa upawa safi anapokojoa, weka kwenye chupa safi, na kama utachelewa, weka kwenye friji. Lakini dume akiinua mguu, akajikamua, na hakuna kinachotoka, usingoje asubuhi wala usitafute chupa. Njia imeziba. Mpakie kwenye gari au bodaboda uje usiku huohuo.