Kabla ya Kuuliza Bei ya Ploti Nakuru

Mteja anayetafuta ploti Nakuru huanza kwa kuuliza bei. Ni haki yake, kwa kuwa pesa ni zake, na mara nyingi ni akiba ya miaka mingi au mkopo wa chama ambao bado ataulipa. Lakini kwetu sisi mawakala wa ardhi na nyumba, bei ni swali la mwisho. Ploti mbili zinazopakana Kiamunyi au Lanet zinaweza kuachana sana kwa bei, na mtu akachukua ile ya chini akidhani ameangukiwa na bahati. Ardhi ya karibu na mji haiwi rahisi hivi hivi. Kuna jambo kwenye hati, kwenye maji au kwenye udongo wenyewe, na mnunuzi anapaswa kulijua kabla hajatoa hata shilingi.

Tangu tarehe 1 Desemba 2021, Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji na kuwa la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, matangazo ya ploti yamejaa neno jiji, hata kwa mashamba yaliyo mbali kule Rongai na Bahati. Siku hizi wauzaji wanaongeza upanuzi wa barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit, inayopita Nakuru. Ushauri wangu ni ulipie kilichopo leo. Hadhi ya jiji haileti bomba la maji mlangoni, na barabara pana inamfaa tu yule aliye karibu na njia ya kuingilia, mradi ploti yake haijaingia katika hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara.

Nianze na karatasi, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia zaidi. Sehemu kubwa ya ardhi inayouzunguka mji huu ilikuwa mashamba ya walowezi. Baada ya uhuru, mengi yalinunuliwa na kampuni na vyama vya wananchi waliochangishana, kisha wakagawana kwa hisa. Ndiyo maana hadi leo utakutana na muuzaji mwenye cheti cha hisa peke yake, au karatasi ya kura ya kugawana ploti aliyopiga marehemu babake. Wengi wanaishi kwa amani kwenye ardhi ya namna hiyo. Hata hivyo, cheti cha hisa si hatimiliki. Kinakupa haki ya kudai kwa kampuni, na viongozi wa kampuni wakiwa wanavutana mahakamani, nawe utasubiri pamoja nao.

Kuna hali nyingine ninayoiona mara kwa mara, na inanisikitisha kuliko zote. Mtu ana ekari tano chini ya hatimiliki moja. Anazikata ploti za futi 50 kwa 100, anaweka nguzo, anapitisha tinga kufungua barabara, anaanza kuuza. Mnunuzi anapewa mkataba na kuambiwa hati yake inashughulikiwa. Anajenga, anahamia, anapanda hata miti. Wakati huo wote ile hatimiliki mama bado ina jina la muuzaji peke yake, na anaweza kuiweka rehani benki. Deni likimshinda, benki itauza kilichoandikwa kwenye sajili, na jina lako halimo. Kwa hiyo usimalize kulipa kabla ploti yako haijapata nambari yake na hati yake.

Upekuzi rasmi katika masjala ya ardhi unafichua mengi ya haya. Ufanye mwenyewe au kupitia wakili wako, usitegemee nakala aliyokuja nayo muuzaji. Ukiupata, usome wote. Sehemu ya kwanza inaeleza ardhi yenyewe, nambari na ukubwa kwa hekta. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni takriban hekta 0.046, thumuni kamili ya ekari ni takriban hekta 0.051. Wengi huuziwa ya kwanza kwa jina la ya pili. Sehemu inayofuata inamtaja mwenye ardhi, na jina hilo lilingane na kitambulisho cha mtu aliye mbele yako, herufi kwa herufi. Sehemu ya mwisho inaonyesha vizuizi: rehani ya benki, tahadhari iliyowekwa na ndugu anayedai urithi, amri ya mahakama. Hiyo ndiyo ya kusoma mara mbili.

Kisha nenda shambani na mpima ardhi aliyesajiliwa akiwa na ramani ya masjala, akuonyeshe bikoni, zile alama za mipaka, moja baada ya nyingine. Kuna watu wameonyeshwa ploti nzuri iliyoinuka, halafu hati ikatoka ya ploti nyingine iliyo bondeni.

Kama ardhi bado ni ya kilimo, na nyingi za pembezoni ni za kilimo, kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ni lazima. Ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba uandikwe. Bila kibali, sheria inauhesabu mkataba kuwa batili, na kimsingi unachoweza kudai ni pesa ulizotoa, hata kama thamani ya ardhi imepanda mara tatu. Kama ni nyumba ya ndoa, hakikisha mke au mume wa muuzaji ameridhia kwa maandishi. Weka pia kando ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani; mnunuzi ndiye anayeulipa.

Maji sasa. Muuzaji akisema kuna kisima, uliza kimepimwa lini floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi. Sisi wa Bonde la Ufa tunajua meno ya kahawia yanatoka wapi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nakuru vinakipita. Vichujio vya mkaa wa mifupa vinasaidia, lakini vina gharama na vinahitaji kubadilishwa. Mwenye watoto wadogo aiweke gharama hiyo ndani ya bei ya ploti tangu mwanzo.

Udongo nao una tabia zake. Mji umekaa kati ya volkeno ya Menengai na Ziwa Nakuru, juu ya majivu ya kale, na mvua kubwa ikinyesha baadhi ya sehemu hufunguka nyufa ardhini. Ziwa lenyewe limepanda tangu miaka ya 2010, na upande wa Mwariki na Barut kuna familia zilizohama baada ya maji kuingia nyumbani. Usitazame ploti mwezi wa Januari tu. Rudi wakati wa masika, ongea na majirani wenye nyumba kuukuu, uwaombe wakuonyeshe kuta na misingi yao. Mhandisi apime kabla hujachora nyumba ya ghorofa.

Kuhusu sisi mawakala, Sheria ya Mawakala wa Ardhi na Nyumba, Sura ya 533, inataka kila mmoja awe amesajiliwa na bodi. Omba kuona cheti cha mwaka huu, na anayekasirika ukimwomba, achana naye. Usitume malipo ya ploti kwa simu ya wakala. Kwa kawaida asilimia 10 hutangulia, ikiwekwa kwenye akaunti ya mawakili, na salio hulipwa uhamisho unapokamilika, mara nyingi ndani ya siku 90. Muuzaji anayetaka zote leo kwa kuwa kuna mteja mwingine njiani, mwache amuuzie huyo mteja.