Tasa si witiri

Juzi kwenye kikao cha harusi mjumbe mmoja alisimama akaahidi shilingi milioni moja na moja. Akaulizwa, hiyo moja ya nini? "Hiyo ni namba tasa," akajibu, "msije mkaigawana." Watu wakacheka, katibu akaandika, nami nikanyamaza kwa heshima ya wenye shughuli. Ila hii ni mara ya ngapi sasa? Kikao cha kwanza kabisa tuliambiwa kamati iwe na wajumbe "idadi tasa" ili kura zisifungane. Tukawa tisa.

Tisa ni tatu mara tatu. Hiyo ni witiri, si tasa.

Namba tasa ni namba nzima iliyozidi 1, isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Hayo ni ya darasani, tuyaache.

Shida iko kwenye majina. Witiri na shufwa tulizipokea kutoka Kiarabu zikiwa pacha, na anayeswali witri baada ya isha anajua, hata kama hesabu zilimshinda, kwamba rakaa zake ni moja, tatu au tano, haziwi nne. Witiri ni habari ya mbili tu: wapange watu wawili wawili, mmoja akikosa mwenzake, basi. Tasa ni neno la zizini. Mbuzi tasa ni yule asiyezaa, na namba tasa ikaitwa hivyo kwa kuwa ukiibana haikutolei kigawo cha katikati. Waarabu huiita "ya kwanza", kama Wagiriki walivyoiita kabla yao, na nakiri jina hilo lina haki zaidi. Hizi tunazoziita tasa ndizo zinazozaa nyingine zote: 12 ni 2 × 2 × 3, na hakuna namba nzima kubwa kuliko 1 ambayo si tasa yenyewe au zao la tasa. Lakini jina limeshakaa, tulitumie panapostahili. Na 2 ni tasa huku ikiwa shufwa, kwa hiyo hata wanaosema kila tasa ni witiri wamepitiwa.

Turudi kwa mchango wetu. 1,000,001 kweli inatisha kwa sura. Igawe kwa 3, inabaki 2. Kwa 7, inabaki 2. Kwa 11, kwa 13, hata kwa 37, baki ni ile ile 2, maana zote hizo zinaigawa 999,999 sawasawa. Mtu anachoka, anatangaza utasa. Angevumilia mpaka tasa ya ishirini na sita, yaani 101, angekuta haibaki kitu: 101 × 9,901. Waalikwa 101 wangeigawana, kila mmoja akaondoka na shilingi 9,901, na mezani isibaki hata senti.

Ndugu yetu hakukosea sana, lakini. Aongeze shilingi mbili tu. 1,000,003 nimeijaribu kwa tasa zote 168 zilizo chini ya elfu moja, na hapo kweli hakuna wa kuigawana.