Uongo tunaoambiana kuhusu kupanda mikomamanga na nafasi yake shambani

Siku hizi komamanga linaulizwa sana, kuanzia Dodoma na Singida mpaka Makueni na Kajiado huko, kila mwenye kaeneo kakavu kenye jua kali anaona huu ndio mradi wake, na kweli mkomamanga unapenda joto na hewa kavu kwa hiyo hapo sina ubishi. Ninachobisha ni maelezo watu wanayopewa wakati wa kununua miche, hasa kwenye nafasi, maana mbolea ukikosea utarekebisha msimu ujao, ila nafasi ukikosea mwaka wa 3 unashika shoka.

"Panda mita 2 kwa 2, ekari inaingia miche 1,000, zidisha na bei ya tunda uone pesa"

Hii ndio imeumiza wengi kuliko zote. Hesabu yenyewe haina kosa, ekari ni kama mita za mraba 4,047, ukigawa kwa 4 unapata elfu moja na kidogo. Lakini hiyo ni hesabu ya kuuzia miche, sio ya kuvunia matunda. Mkomamanga ukiachwa ujiendee unafika mita 5 mpaka 6 kwenda juu, na hata ukiupogolea vizuri ukaubakiza kwenye mita 3 hivi, bado matawi yanatanuka mita 3 au zaidi kutoka upande huu mpaka ule. Sasa ukiwa na 2 kwa 2, mwaka wa kwanza shamba linapendeza, wa pili unapiga picha unatuma, wa tatu matawi yameshikana na yana miiba, hebu ingia humo na bomba la dawa mgongoni uone utatokaje. Na wala sio usumbufu peke yake, matunda ya mkomamanga yanakaa zaidi kwenye vile vitawi vifupi vinavyotoka kwenye matawi yaliyokomaa, na vinataka jua. Ndani kukishaingia giza miti inakimbilia juu kutafuta mwanga, huku chini hamna kitu, unyevu unajifungia humo, fangasi wanafurahi, dawa haifiki, na tunda linalokulia kivulini linatoka rangi imepauka halafu mnunuzi anakukatia bei.

Nafasi inayomfaa mkulima wa kawaida ni mita 5 kati ya mistari na mita 4 kati ya mti na mti, hapo ekari inabeba kama miti 200. Ukiwa na dripu (mipira ya kumwagilia kwa matone) na mkasi mzuri wa kupogolea unaweza kushuka mpaka 5 kwa 3, kama 270. Huko Maharashtra, India, ambako komamanga ni zao la biashara hasa mpaka Solapur pamewekwa kituo cha taifa cha utafiti wa tunda hili tangu 2005, wakulima wengi wanatumia mita 4.5 kwa 3, yaani kama miti 300 kwa ekari, na watu wetu wanaichukua hiyo namba bila kuchukua na kazi yake. Wale wanapogolea kila msimu, wanaongoza maji kwa ratiba na wanapiga dawa kwa ratiba. Kama hujajipanga hivyo, ongeza nafasi.

Na kuna njia ya katikati ambayo wauza miche hawaisemi kabisa: panda 5 kwa 2.5, uvune miaka ya mwanzo miti ikiwa bado midogo, halafu matawi yakianza kugusana toa mti mmoja ubakize mmoja, unabaki na 5 kwa 5. Ila ujue kabisa toka siku ya kwanza mti upi utaondoka, uwekee alama, maana kung'oa mti unaozaa inauma na wengi wanashindwa.

Wanaosema nafasi pana ni kupoteza ardhi, jamani, miaka miwili ya mwanzo pale katikati panalimika. Weka karanga, acha kama mita moja wazi kuzunguka shina. Usiweke mahindi yakaja kuutia mche kivuli, na nyanya, bamia au bilinganya ndio kabisa usiweke, hizo zinavutia minyoo fundo ya kwenye mizizi na minyoo hiyo hiyo inashambulia mkomamanga, kwa hiyo utakuwa umeifuga mwenyewe.

"Nunua komamanga zuri sokoni, panda mbegu zake"

Zitaota, na kuota sio shida. Shida ni kwamba mti wa mbegu haufanani na mama yake, unaweza kula tunda tamu ukaja kuvuna chungu lenye mbegu ngumu kama mawe, na unakuwa umesubiri miaka ndio ujue. Aina kama Wonderful ya Marekani au Bhagwa ya India zinaendelezwa kwa vipande vya matawi. Kipande kinachofaa ni cha tawi la mwaka mmoja lililokomaa, unene wa penseli, urefu sentimita 20 hadi 25, kikate chini kidogo ya jicho (pale chipukizi linapotokea), kizike mpaka yabaki macho mawili matatu juu, na usikigeuze juu chini. Chukua kwenye mti ambao tunda lake umelionja wewe mwenyewe.

"Shimo refu, mche uuzamishe ushike vizuri"

Shimo ndio, sentimita 60 kila upande, hiyo sawa. Ila mche ukae usawa ule ule uliokuwa nao kwenye kiriba, ukilifukia shina unaliozesha. Udongo wa juu uweke pembeni, uchanganye na samadi iliyooza kweli kweli, samadi mbichi inaunguza mizizi. Na kabla ya kupanda jaza shimo maji jioni, ukienda asubuhi ukakuta bado yamesimama basi hapo tengeneza tuta au tafuta sehemu nyingine, mkomamanga unavumilia mengi ila miguu kukaa kwenye maji hauvumilii.

"Unavumilia ukame, kwa hiyo hauhitaji maji"

Unavumilia maana yake hautakufa, haijasemwa kwamba utazaa. Matunda kupasuka mtini kunatokana sana na hili, mti unakaa na kiu wiki nyingi halafu mvua inashuka kwa mkupuo au mtu anafungulia maji mengi, ndani kunavimba na ganda limeshakakamaa, linapasuka. Maji kidogo kidogo yasiyokatika wakati wa matunda, ndio dawa.

"Maua yanadondoka kwa sababu huna mti dume"

Hakuna mti dume hapa. Mti mmoja unajitosheleza, nyuki wakiwepo ndio vizuri zaidi. Okota hayo maua yaliyodondoka uyaangalie kitako: mengi utakuta kitako kimechongoka, chembamba, hayo ni ya kiume na kazi yake ni chavua, lazima yaanguke. Yale ambayo kitako kimetuna ndio yanafunga tunda. Yakianza kudondoka hayo yaliyotuna, angalia maji, wadudu na mbolea ya chumvichumvi uliyozidisha.

Kabla hujalipia mche hata mmoja, chukua kamba na vijiti, nenda shambani upime mistari ya mita 5 na uchomeke kijiti kila mita 4, pita katikati na toroli uone kama inageuka, hesabu vijiti, hiyo ndio namba ya miche unayoenda nayo kitaluni.