Je, wajua kwa nini nozeli kubwa (vipulizia petroli vya injini) peke yake haziongezi nguvu ya gari?

Gari dogo la petroli linaletwa kutoka Dar es Salaam likiwa jepesi kabisa. Likifika Mwanza na kupandishwa kilima cha Isamilo na abiria wanne, linalemewa. Mwenye gari anashauriwa afunge nozeli kubwa na pampu ya presha zaidi. Pesa zinatoka, mlima unabaki uleule, na sasa gari linanuka petroli.

Shida haiko kwenye petroli, iko kwenye hewa. Kilo 1 ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Kwa lita 1 hiyo ni hewa inayozidi lita 9,000, hata pale pwani ambako hewa ni nzito. Kusukuma petroli ni kazi nyepesi, pampu ndogo ya umeme inaiweza. Hewa, kwa injini isiyo na turbo (feni ya kushindilia hewa), huingia kwa kuvutwa na pistoni tu, na haiwezi kuzidi kile ambacho kanieneo, yaani presha ya hewa ya nje, inaruhusu. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huku ni pungufu kwa asilimia 12 hivi ukilinganisha na Dar. Nguvu ya injini hushuka karibu kwa kiasi hichohicho. Hakuna nozeli inayoweza kuirudisha.

Tena kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, haikubali kudanganywa kirahisi. Sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi ikigundua mafuta yamezidi, nozeli hupunguziwa muda wa kufunguka. Ukikanyaga mpaka mwisho, kiwanda chenyewe kimeshapanga mafuta yaongezeke, kwa sababu nguvu ya juu hupatikana kwenye kilo 12.5 hadi 13 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Ukizidisha petroli sana kupita hapo nguvu inashuka, plagi zinajaa masizi, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na katalisti, kisafisha moshi kwenye ekzosi, inaungua.

Mbona basi wapo wanaoapa kwamba gari lilibadilika? Mara nyingi pampu ya zamani ilikuwa imechoka au chujio la mafuta limeziba. Wamerudishiwa nguvu iliyopotea, hawakuongezewa mpya. Ndiyo maana namsihi kila mwenye gari: fundi apime kwanza presha ya mafuta na kukagua chujio la hewa, kabla ya kununua chochote.

Nozeli kubwa zina mahali pake, nalo ni kwenye turbo. Turbo hushindilia hewa ndani ya silinda, na hapo mafuta yasipoongezwa, injini hugonga na pistoni huweza kutoboka. Dizeli nayo ni habari nyingine: huwa na hewa ya ziada, kwa hiyo kufungulia pampu itoe dizeli zaidi huongeza nguvu kweli, hadi moshi mweusi utoke. Moshi huo ni dizeli iliyokosa hewa ya kuiunguza.