Je, wajua? Gari la Kijerumani lisilokufa na gari la Kijerumani la kifahari hayakuwa gari moja

Swali lenyewe ni fupi: chapa za kifahari za Ujerumani, yaani Mercedes-Benz, BMW, Audi na Porsche, bado zinastahili heshima zilizo nayo? Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu langu mfukoni, na nililitoa kwa aliyeuliza na hata kwa asiyeuliza. Nilisema hapana. Zamani magari haya yaliundwa na wahandisi na yalikuwa hayafi. Siku hizi yanaundwa na wahasibu, ndiyo maana taa ya injini inawaka kwenye dashibodi kabla viti havijaisha harufu ya upya. Mgema kasifiwa, tembo kalitia maji.

Ni maelezo matamu, maana yana enzi ya dhahabu, anguko na mkosaji. Kasoro yake ni kwamba hiyo enzi ya dhahabu niliijenga kwa kuchanganya magari mawili tofauti yaliyovaa nyota moja, nembo ya Mercedes-Benz.

Mwambie mtu yeyote atoe ushahidi kwamba gari la Mjerumani zamani lilikuwa halifi. Karibu kila mara atakutajia ukoo uleule: Mercedes-Benz W123, hasa za dizeli, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1976 na kufikia karibu magari milioni 2.7, pamoja na kaka zake waliotangulia. Mmoja wa kaka hao ni teksi ya Thessaloniki, Ugiriki, 240 D ya mwaka 1976, iliyotembea kilomita milioni 4.6 kabla ya kuingizwa kwenye makumbusho ya Mercedes-Benz mwaka 2004. (Wanaoisimulia mara chache huongeza kwamba mwenyewe alikuwa na injini zaidi ya moja, akizibadilisha kwa zamu. Haipunguzi ajabu yake, ila inaigeuza kidogo: kilichodumu ni gari na subira ya dereva, si injini moja ya miujiza.)

Sasa litazame gari hilo kwa macho makavu. W123 ya 200 D ilikuwa na nguvu za farasi 55. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa ilichukua kama nusu dakika, muda wa kutosha kujutia uamuzi wa kulipita lori. Vioo vyake kwa kawaida vilizungushwa kwa mkono. Lilikuwa gari la kazi lililotengenezwa vizuri mno, na nyota iliyo mbele yake ilikuwa ileile ya magari ya marais. Ufahari hasa ulikaa kwingine kabisa.

Ulikaa, kwa mfano, ndani ya Mercedes-Benz 600, iliyotengenezwa kuanzia 1963 hadi 1981 kwa idadi ya magari 2,677 tu. Wahandisi waliona kwamba mota za umeme za wakati huo zina kelele mno kwa abiria wa hadhi hiyo, basi wakaamua vioo, viti na hata buti visukumwe na mafuta yenye presha, kwa mfumo wa haidroliki uliopitisha mabomba milangoni na chini ya viti. Kioo kilipanda kimya kimya, kama kinajiendea chenyewe. Mfumo huohuo ndio unaowafanya wakusanyaji wa magari leo wafikirie mara mbili kabla ya kununua 600 kuukuu, kwa sababu unapovuja hauvujii mahali pamoja.

Kwa hiyo katika miaka hiyohiyo niliyoililia, kampuni ileile ilikuwa inatengeneza gari gumu lisilo na anasa na gari la anasa lisilo gumu. Mimi nilichukua uimara wa la kwanza nikalivisha la pili. Hiki ndicho kilemba cha ukoka, nami ndiye niliyekisuka. Gari kubwa la kifahari la Kijerumani halikuwahi kupata jina kwa kutoharibika. Lilipata jina kwa kuwa na jambo ambalo magari mengine bado hayana.

Orodha ya mambo hayo ni ndefu, tuipite mbio. Carl Benz alipata hataza ya gari lake la petroli mwaka 1886. Mwili wa gari unaokunjamana kwa makusudi mbele na nyuma ili kumlinda abiria katika ajali, wazo la Béla Barényi, uliingia kwenye Mercedes-Benz za mwaka 1959. Breki za ABS za kielektroniki, zinazozuia magurudumu yasikwame ukikanyaga breki kwa nguvu, zilizoundwa pamoja na Bosch, zilifika kwenye S-Class, Mercedes-Benz kubwa, mwaka 1978. Audi ilitoa quattro, gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, mwaka 1980. Mfumo wa kuzuia gari lisiserereke ukaja mwaka 1995, tena kwenye Mercedes-Benz kubwa kwanza. Karibu vyote hivyo leo vimo ndani ya magari ya kawaida kabisa, na hakuna anayeona ajabu.

Kuwa wa kwanza kuna gharama, na gharama yenyewe ni ya hesabu kabla haijawa ya tamaa. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipobadilisha mawazo.

Fikiria watu waliojipanga mstari kutoka kisimani hadi kwenye nyumba inayoungua, wakipokezana ndoo mkono kwa mkono. Tuseme kila mmoja wao ni hodari: katika ndoo elfu moja huangusha moja tu. Mstari ukiwa na watu 100, ndoo kama 90 katika kila 100 zitafika. Si haba. Sasa weka watu 1,000 wenye uhodari uleule. Ndoo zitakazofika ni kama 37 katika kila 100. Hakuna aliyezembea. Hakuna mhasibu aliyepita. Mstari umerefuka tu.

Ukitaka mstari huo wa watu 1,000 ufikishe ndoo 90 kama ule mfupi, kila mtu lazima aangushe ndoo moja katika elfu kumi. Yaani sehemu zikiongezeka mara kumi, inabidi kila sehemu iwe bora mara kumi ili gari zima libaki palepale lilipokuwa. Fundi anayetengeneza sehemu bora mara tano kuliko babu yake anaweza kabisa kutoa gari linaloharibika kuliko la babu, na wote wawili wakawa wamefanya kazi ya kusifiwa.

Namba hizo ni za mfano, na gari si mstari mmoja ulionyooka. Mashine ya kukanda mgongo iliyo kwenye kiti ikifa, gari linaendelea na safari. Nyororo ya taimingi ikikatika, safari imeisha hapo. Lakini tabia ni ileile: kila sensa, pampu ndogo, vali na kompyuta inayoongezwa ni mtu mmoja zaidi kwenye mstari.

Kisha kuna watu wageni. Mtu ambaye amepokea ndoo kwa miaka 20 unaujua mkono wake. Aliyeletwa leo humjui. Gari linalotangulia kuwa na teknolojia mpya huwaweka wageni wengi mstarini kwa mpigo. Mercedes-Benz ilileta breki zinazoamriwa kwa umeme kwenye SL ya mwaka 2001 na E-Class ya mwaka 2002: ukikanyaga pedali ulikuwa unatuma ujumbe, na kompyuta ndiyo iliyoamua kila gurudumu lipate presha kiasi gani. Wazo zuri sana. Mwaka 2004 magari yapatayo 680,000 yakaitwa gereji kwa ajili ya mfumo huo, na mwaka 2006 E-Class ikarudishiwa breki za kawaida.

Na kuna waliopangwa karibu na moto. Injini ya V8 ya BMW iitwayo N63, iliyotoka mwaka 2008, iliweka tabo zake (turbo, feni zinazozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi) katikati ya ile V, kwenye bonde kati ya safu mbili za silinda, badala ya kuzining'iniza pembeni. Kwa uhandisi ni jambo la kupendeza: njia ya moshi inakuwa fupi, gari linaitikia upesi, injini inachukua nafasi ndogo. Ila tabo ni chungu cha moto, na hapo kimetiwa katikati ya mabomba, plastiki na sili za mpira. Mwishoni mwa 2014 BMW ilianzisha Marekani mpango maalumu wa kuzihudumia injini hizo. Mstari wa ndoo ukipita kando ya moto, mikono ya pale huchoka kabla ya mingine.

Hata enzi ya dhahabu ilikuwa na wageni wake. Mercedes-Benz kadhaa za mwanzoni mwa miaka ya 1990, zikiwemo W124, warithi wa W123, ambazo watu kama mimi tuliziita za mwisho za kweli, zilifungwa nyaya za injini ambazo ganda lake lilikauka kwa joto na kumeguka kama udongo wa kiangazi.

Toyota ilipotoa Lexus LS 400 mwaka 1989, ilijibu swali hilihili kwa upande wa pili: gari la kimya na laini, lakini lenye watu waliokwisha zoeleka mstarini. Ndiyo maana kulinganisha Lexus na S-Class kwa idadi ya matengenezo peke yake ni kama kulinganisha baharia na mvuvi kwa idadi ya samaki.

Wahasibu je, hawana lolote? Wanalo, ila ushahidi hapa ni mwembamba kuliko kelele zake. Nchini Ujerumani, karibu theluthi mbili ya magari mapya husajiliwa kwa jina la kampuni, si la mtu binafsi. Humo kuna magari ya kukodishwa na yale ambayo wauzaji hujisajilia wenyewe, lakini kuna pia magari ya kazini ambayo mfanyakazi hupewa kwa miaka michache kisha hurudishwa. Anayelipa huangalia gharama ya miaka hiyo. Ratiba za kubadilisha oili baada ya kilomita 30,000 au miaka miwili zinampendeza sana huyo. Mmiliki wa tatu wa gari hazimpendezi hata kidogo. Hilo linaonyesha gari limelengwa kwa nani. Halithibitishi kwamba kuna mtu aliyeagiza life mapema, ingawa mimi mwenyewe niliwahi kuapa kuwa agizo hilo lipo.

Tena takwimu zina tabia ya kukuvuruga ukishazoea hadithi yako. Mwaka 2022, katika orodha ya uaminifu wa magari mapya ya Consumer Reports, shirika la Marekani la kupima bidhaa kwa niaba ya wanunuzi, BMW ilikuwa ya tatu, nyuma ya Toyota na Lexus tu. Mercedes-Benz ilikuwa karibu na mkia. Nchi moja, bara moja, wahandisi wanaosoma vyuo vilevile. Toyota nayo, ilipoifufua Supra mwaka 2019, ilichukua injini ya silinda sita kutoka kwa BMW. Ukiamini kwamba Mjerumani kasahau kutengeneza injini, inabidi ueleze Toyota ilikwenda kutafuta nini huko. Tahadhari: tafiti hizo hutegemea majibu ya wenye magari, nyingi huhusu magari machanga, na baadhi huhesabu skrini iliyoganda kuwa tatizo moja sawa na giaboksi iliyovunjika. Gari la miaka 12 halimo humo.

Kwa hiyo wanastahili? Kama heshima ni ahadi kwamba gari halitaingia gereji, jibu ni hapana, na halikuwahi kuwa ndiyo kwa magari yao makubwa. Kama ni ya gari linalotulia kwenye kilomita 200 kwa saa katika zile sehemu za Autobahn, barabara kuu za Ujerumani, zisizo na kikomo cha mwendo, bado ni ndiyo, na wanaolifikia ni wachache. Kama ni ya kuwa wa kwanza, hapo ndipo mambo yamekuwa magumu. Porsche Taycan ya mwaka 2019 ilikuwa gari la kwanza la umeme la kuuzwa kwa umma lenye mfumo wa volti 800, unaowezesha kuchaji upesi. Desemba 2021 Mercedes-Benz ilipata kibali cha Ujerumani cha gari linalojiendesha lenyewe kwenye foleni ya barabara kuu, dereva akiruhusiwa kuangalia kitu kingine. Hizo ni alama za ukoo uleule wa 1978.

Lakini katika skrini, programu na betri, mnunuzi wa China anaona vya kwanza vikitoka viwanda vya kwao. Porsche iliuza China magari 95,671 mwaka 2021. Mwaka 2024 yalikuwa 56,887. Sehemu ya anguko hilo ni la uchumi wa China wenyewe, si la magari peke yake. Volkswagen, mama yao Audi na Porsche, mwaka 2023 ilikubali kununua karibu asilimia 5 ya XPeng, kampuni changa ya magari ya umeme ya China, ili iunde magari pamoja nayo.

Na Novemba 2024, huko Shanghai, Audi ilizindua jina jipya la magari ya umeme yaliyoundwa pamoja na kampuni ya SAIC kwa soko la China. Mbele ya gari pameandikwa herufi nne tu, AUDI. Zile pete nne za miaka ya 1930, nembo yake ya siku zote, hazikuwekwa.