Mtihani wamefaulu, pipa hawalioni

"Wakielimishwa watabadilika." Kila nikiitwa shuleni kusaidia mpango wa mazingira, sentensi hii hunipokea mlangoni. Nimeichoka.

Juzi mwalimu mkuu mmoja alinionyesha karatasi za mtihani kwa fahari: karibu darasa zima lilipata swali la taka. Kengele ya mapumziko ikalia. Mtoto akamenya peremende, akaangaza huku na huku, kisha akaikunjakunja karatasi yake na kuichomeka kwenye ufa wa ukuta. Pipa lilikuwa nyuma ya ofisi ya walimu, ambako wanafunzi hawaruhusiwi kupita. Huyo umwongezee kipindi cha nini?

Tabia haikai kichwani peke yake. Mwanasosholojia Mfaransa Pierre Bourdieu aliita habitus ule mwelekeo unaojengeka ndani ya mtu kutokana na mazingira aliyokulia, hadi anatenda bila kufikiri. Mhadhara wa dakika 40 hauung'oi. Wanaofuata nadharia ya matendo ya kijamii huongeza kwamba kila tendo la kila siku hushikiliwa na vitu, ujuzi na maana: pipa liwepo, mtoto ajue kutenganisha taka, na wenzake wasimcheke akifanya hivyo. Kikikosekana kimoja, tendo halishiki. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, ambao huwaudhi wengi, ni huu: hamisheni pipa kabla ya kuchora bango. Wa pili huwaudhi zaidi: walimu waanze kutenganisha taka zao wenyewe, watoto wakiona.

Kisha huja sentensi nyingine: "Tuwaonyeshe jinsi watu wengi wanavyoharibu." Msithubutu. Katika hifadhi ya Petrified Forest, jimbo la Arizona, Marekani, bango lililolalamika kwamba wageni wengi huchukua vipande vya miti iliyogeuka mawe lilifuatiwa na wizi mkubwa kuliko bango lililowaomba tu wasichukue. Ukimwambia mtu kila mmoja anafanya, umempa ruhusa.

"Wazazi wameshindikana, tushughulike na watoto." Msiwakatie tamaa wazazi; watoto wenyewe huwafikia. Utafiti wa jimbo la North Carolina, Marekani, uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa watoto waliofundishwa kuhusu mabadiliko ya tabianchi waliwaongezea wazazi wao wasiwasi juu ya jambo hilo, na mabinti walifanikiwa zaidi.

"Hiyo ni kazi ya mwalimu wa sayansi." Mkutano wa kimataifa wa elimu ya mazingira uliofanyika Tbilisi, Georgia, ulishasema mwaka 1977 kwamba elimu ya mazingira ipite katika masomo yote. Mwalimu wa hisabati awape watoto mizani, wapime taka za darasa kila Ijumaa, na grafu waibandike mlangoni.