Je, wajua kwa nini kipimo cha umeme wa kadi ya grafiki huwaumiza vichwa wakaguzi wa Linux, yaani wanaopitia msimbo kabla haujakubaliwa?

Kwenye kompyuta ya Linux, joto la kadi ya grafiki, kasi ya feni yake na wati inazokula husomwa na dreva, yaani sehemu ya kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) inayoongea na kadi yenyewe. Kusoma namba hizo si kazi kubwa, mistari michache ya msimbo inatosha. Mbona basi wakaguzi humrudishia mwandishi msimbo wake mara mbili tatu?

Chukua kipimo cha nishati kwenye i915, dreva ya kadi za Intel. Rejista ya kadi, yaani kijisehemu cha kadi kinachotunza namba, ina biti 32, nayo hujumlisha nishati kwa vipande vidogo; tuseme vipande 16,384 kwa kila jouli. Piga hesabu: rejista hujaa kwenye jouli 262,144, kisha huanza upya sifurini kama mita ya kilomita ya gari kuukuu. Kadi ikila wati 1, hiyo ni siku tatu. Ikila wati 1,000, ni dakika nne na ushee. Mwandishi akijaribu dreva yake nusu saa kwenye kadi isiyo na kazi, haoni kitu. Mwenye seva iliyolemewa ndiye atakayeona nishati ikirudi nyuma, jambo lisilowezekana.

Ndiyo maana mkaguzi huuliza: jumla inatunzwa wapi? Inatakiwa kigeu (nafasi ya kumbukumbu ndani ya dreva) cha biti 64 kinachoongezewa tofauti kila rejista inaposomwa, tena chini ya kufuli, yaani msomaji mmoja kwa wakati, kwani programu mbili zaweza kusoma kwa pamoja. Rejista ikizunguka mara nzima bila kusomwa, nishati ya mzunguko huo haihesabiwi tena.

Halafu vizio. hwmon, mfumo wa Linux wa vihisi, hutaka namba kamili tu: nyuzi 65 huandikwa 65000, wati 45 huwa 45000000. Ukizidisha kwa milioni ndani ya biti 32, hesabu inafurika; ukianza kwa kugawa, masalio yanatupwa. Namba hutoka, inapendeza machoni, na ni uongo. Na programu za watu zikishaizoea, kuibadilisha ni ugomvi, maana Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, havumilii kerneli inayovunja programu za watumiaji.

Kwenye laptopu kuna la ziada: kadi ya pili hulala kuokoa betri, na dreva ya hovyo huiamsha kila sekunde ili tu iulizwe joto lake.

Mwaka 2020, shambulio lililoitwa PLATYPUS lilionyesha kuwa vipimo vya nishati vya prosesa za Intel vyaweza kufichua funguo za siri. Linux ikavifunga, visomwe na root, yaani msimamizi mkuu wa kompyuta, peke yake. Kwa hiyo hata ruhusa ya faili ambamo kipimo husomwa, 0444 ya kusomwa na kila mtu au 0400 ya mwenye faili tu, ni ya kuulizia.